Darasa Lisilocheka

Jumapili, Boito

Ati watu wa mjini watajifunza kupogoa chai kwa simu, wamelala kwa kitanda. Sawa. Mwalimu ni mimi, kesho asubuhi, kwa sababu Konoin nzima hakuna panga inajua chai kama yangu.

Leo Chebet, binti ya ndugu yangu, alinifanyisha mazoezi. Nikaiambia simu yake ile hadithi ya chui aliyetoroka aliponiona nikipogoa. Kimya.

“Hata kesho hautawasikia, Ankol. Watakuwa wamezima maiki.”

“Sasa nitajuaje wamecheka?”

“Kwani si wanakuja kusoma chai?”

Mtoto wa juzi. Chai bila chui nitaongea dakika tano, halafu...

Nimemwomba mke wangu akae nyuma ya simu. Hadithi ya huyo chui ameisikia miaka yote, na bado anacheka.