Tenki la Kuazima

Kijiji cha Busamila,
S.L.P. 14,
Sengerema.
11 Mei 2025

Mpendwa Dada Evelina,

Shikamoo. Poleni na baridi ya Tunduma. Kifua chako kimepona? Vitenge vinatoka? Huku sisi wazima. Mama anakwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe, ila akirudi anatafuta wa kumlaumu kwa urefu wa kilima.

Mwanao Favour hajambo. Ameshazoea kuandika kwa mkono wa kushoto tangu mamba amnyang'anye ule wa kulia, na mwalimu anasema hati yake inasomeka kuliko yangu. Tumshukuru Mungu.

Dada, haya yafuatayo siwezi kuyasema kwenye simu mbele ya Mama. Nimechukia sana.

Unakumbuka ule mfuko wa kuinua maeneo yaliyobaki nyuma? Tuliomba kisima cha pampu, ili watu tuache kuteremka ziwani kwenye mamba. Mwezi wa tatu wakaguzi wakaja kuona kama umaskini wetu ni wa kweli. Na sisi, kwa ujinga wetu, tukajipamba.

Mwenyekiti wetu Shimba alitangaza kwamba mgeni haaibishwi. Tukaazima viti vya kanisa, tukachinja kuku saba, kwaya ikavaa sare. Wazo la tenki lilikuwa langu. Tuliliazima kwa fundi ujenzi mmoja, tukalisimamisha mbele ya ofisi ya kijiji, wanawake tukateka maji ziwani tangu alfajiri mpaka likajaa, ili wageni wanawe bombani kama watu wa mjini. Wakanawa, wakala, wakatusifu, wakaandika.

Mwezi uliopita jibu lilibandikwa ukutani: Busamila ina maji ya tenki, fedha zimepelekwa kwingine. Shimba anasema kuna watu wametuhujumu. Mtu aliyekula firigisi nne siku ile, kabla hata wageni hawajakaa!

Lakini kinachonikera zaidi si Shimba. Siku ile tulimficha Favour. Shimba alisema kile kigutu kitawakata wageni hamu ya kula, nami nikamshika mtoto bega, nikampeleka jikoni, nikamwambia achochee moto. Hakuna aliyewaambia wakaguzi kilichompata pale tunapoteka maji. Ushahidi wetu ulikuwa mmoja tu, tukauweka nyuma ya masufuria. Najionea kinyaa, Dada.

Tumekata rufaa, na wakaguzi watarudi tarehe ishirini na tisa. Shimba ameshaanza kuulizia kuku. Nimemwambia wangu hawatoki bandani, na tenki limerudi kwa mwenyewe. Favour alikuwa anatusikiliza. Akasema, "Mamdogo, safari hii nitawanawisha mimi." Tangu jana anajifunza kumimina maji kwa jagi kwa mkono mmoja, halowanishi hata sakafu.

Mama yake ni wewe. Ukikataa, nipigie simu kabla ya siku hiyo, nami sitabisha. Mara ya kwanza nilimficha bila kukuuliza.

Msalimie sana shemeji Revocatus, na umbusu Yakobo shavuni kwa niaba ya bibi yake. Mungu awalinde huko mpakani na awape riziki isiyo na fedheha.

Nafasi iliyobaki chini nimemwachia mwanao.

Mdogo wako akupendaye, hata leo akiwa na aibu,
Suzana

Mama, shikamoo. Usikatae.
Favour