Jiwe la Kunolea

Ihumwa,
14 Desemba 2024

Kaka yangu Bartolomayo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko mahabusu, na lile jino liwe limeacha kukusumbua. Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Mama anakula. Mvua ya kupandia ilinyesha Jumanne, tukapanda mtama upande wa juu tu. Kule bondeni hakuna aliyelima tangu siku ile. Nyumba tumeiezeka upya, nusu kwa mabati yaleyale yaliyoungua. Mkeo Anna anakusalimu sana.

Ulimtuma Anna aniulize ilikuwaje siku ile, kwa kuwa mawe uliyopigwa kichwani yamekuvurugia kumbukumbu. Nilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Nitakueleza nilichokiona.

Wapimaji walikuwa wametangaza kwamba wiki ile watapita kuweka vigingi, na kila familia ilitaka mpaka wake uonekane. Gerson Matonya alikuwa amekwisha kusema mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba bonde ni la baba yake, na baba yetu aliazimwa tu. Hilo unalikumbuka, maana ulimcheka. Ulimuuliza tangu lini shamba la kuazimwa likazungushiwa minyaa. Watu wakacheka nawe, kwa sababu kila Mgogo anajua: aliyeazimwa hulima, hapandi kitu cha kudumu. Akipanda minyaa, amesema shamba ni lake. Ukamalizia kwa kumwambia arudi Kiteto akachunge ng'ombe wa wajomba. Mdogo wa Gerson, Jordan, ndiye aliyejibu kwamba minyaa nayo hukatwa.

Alhamisi saa mbili asubuhi walikuja wawili, wakaanza kukata kuanzia korongoni. Ulitoka na shoka. Mdogo wetu Ernest alikufuata, nami nikawafuata. Gerson alikuwa amesimama katikati ya matawi, utomvu mweupe ukimchirizika mikononi. Ulimsukuma kifuani kwa mpini. Akarusha panga, wewe ukakwepa, likampata Ernest. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikatika. Viwili tuliviona baadaye. Ernest akaokota tawi la mnyaa kwa mkono uliobaki na kumchapa nalo Gerson machoni, mara mbili. Utomvu ulimwingia. Alilia kama ng'ombe anayechinjwa vibaya. Jicho la kulia limekufa. La kushoto anatambua mwanga tu.

Jordan alimkimbilia kaka yake. Umewaambia polisi kwamba alikujia na panga mkononi. Hapana, kaka. Alilitupa chini ili apate mikono miwili ya kumshika Gerson. Ulimpiga shoka moja, nyuma ya sikio. Alikaa chini kama mtu aliyechoka, kisha akalala ubavu. Binamu zao walifika wakati huo. Walikuangusha kwa mawe, na wengine wakapanda kwenda kuchoma nyumba. Anna alitoka na mama mgongoni.

Kwetu ni mimi peke yangu niliyekwenda kumzika Jordan. Walinipisha njia, hakuna aliyenigusa. Mama yao, Ruthu, hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu: zile pombe ambazo baba yako alituletea kila mavuno, mwanangu, ulidhani zilikuwa za nini? Wewe na mimi tuliambiwa ni za ujirani. Jibu nilikuwa nalo.

Wakili wako amekuja mara mbili. Anasema utetezi wako ni kwamba ulikuwa unalinda mali yako, na shahidi ni mimi. Anataka niape kwamba bonde ni la baba tangu zamani na minyaa ni yake. Nimemwambia nitafikiri. Sasa nimekwisha kufikiri.

Mwaka 1998 wewe ulikuwa Mererani. Mzee Matonya alifariki baada ya zile mvua kubwa, na Ruthu akachukua watoto akaenda kwa kaka zake Kiteto. Hata mwezi haukupita. Baba aliniita alfajiri, tukaenda kukata minyaa. Nilikuwa na miaka ishirini, si mtoto, nilijua kwamba zile pombe za mavuno zilikuwa shukrani ya kuazimwa shamba, na nilijua tunachofanya. Yeye alichimba, mimi nikachomeka. Lile kovu la shingoni unalonitania kwamba niliungua nikipika pombe, ni la utomvu wa siku hiyo.

Mzee Matonya alikuwa ameweka jiwe la mpaka pale juu ya korongo, jeusi, refu kama mkono. Baba aliling'oa. Tulilibeba kwa kupokezana hadi nyumbani, akalilaza kwenye kona ya zizi. Uliporudi uliuliza limetoka wapi, akakuambia korongoni. Ndilo hilo unalonolea, kaka. Limekwisha kubonyea katikati kwa mapanga na mashoka yetu.

Alhamisi ile nilikuwa zizini nakamua. Nilikusikia ukinoa, na nikajua unanoa kwa ajili ya nani. Maneno yalikuwa machache tu, ningeyamaliza kabla hujageuza shoka upande wa pili. Nilikuambia chai inapoa.

Jumatatu nitakwenda kwa mpelelezi kuandikisha maelezo, na nitayasema haya yote, pamoja na panga la Jordan kutupwa chini. Najua kitakachobaki cha utetezi wako. Najua pia kwamba askari husoma barua kabla hazijawafikia. Nimeiandika hivi hivi. Nilitaka tu uyasikie kwangu kabla ya kuyasikia mahakamani. Usipotaka nije kukuona, mwambie Anna.

Jana nililipakia jiwe kwenye toroli nikalirudisha juu ya korongo. Shimo lake bado lipo. Vipande vya minyaa vilivyokatwa siku ile vimeota ovyo, kwetu na kwao, huwezi tena kuona mstari ulipopita. Jiwe linaonekana.

Mama anakusalimu, hajajua bado haya nitakayoyasema Jumatatu. Ernest anakusalimu, anajifunza kushika jembe upya. Anna ameniuliza sasa tutanolea wapi. Nimemwambia tutanunua tupa.

Ni mimi mdogo wako,
Anyesi