Mguu Niliompa Senge

Mama,

Wewe hukujua kusoma, kwa hiyo naisoma barua hii kwa sauti huku naiandika, kama nilivyokuwa nikikusomea zile za Baba kutoka kwenye mashamba ya majani chai. Nimekaa nyuma ya jiko. Wengine wameenda kanisani. Nilimwambia Senge, shangazi yangu dada yake Baba, kwamba kichwa kinaniuma. Si kweli, na akirudi nitamwambia kuwa si kweli.

Nataka kukueleza habari za miguu yangu. Lakini nianze na siku niliyorudi.

Ilikuwa Alhamisi. Tulikuwa tumemaliza karatasi ya mwisho ya mtihani, na mwalimu mkuu alitukumbusha kwamba sisi ndio wa kwanza shuleni kwetu kuufanya chini ya bendera yetu wenyewe. Nilitembea hadi nyumbani Malinya na sanduku kichwani, nikijipangia jinsi nitakavyokueleza ile hesabu ya tangi la maji iliyowashinda wengi. Sikuwa na wasiwasi. Jumapili Senge alikuwa amekuja bwenini na njugu za kuchemsha, akasema, "Mama yako anaendelea vizuri. Anasema uandike bila haraka." Nilizila njugu zile zote.

Nilipoingia uani niliwaona wanawake, wote wamenyolewa vichwa. Waliponiona wakaanza kulia upya, kama wanavyolia mtu wa nyumbani akifika amechelewa. Ndipo nilipojua. Ulikufa Jumamosi. Senge alipokuwa akinimenyea njugu, wewe ulikuwa umelazwa sebuleni ukingoja kuzikwa. Jumatatu, nilipokuwa nikiandika hesabu, walikuwa wakikufukia.

Sikulia, Mama. Nilishusha sanduku, nikauliza maji ya kunywa yako wapi. Jirani mmoja akasema bila kupunguza sauti, "Wasomi hawa! Machozi yao wanaachanga shuleni." Wakaniweka kwenye kigoda, wakaninyoa peke yangu. Wembe ulinikata nyuma ya sikio. Nilisikia damu ikishuka, na nikafikiri ni jasho.

Tangu siku hiyo nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake hadi ukafa ganzi. Mkono upo, anauona, lakini si wake. Nilikula obusuma, ugali ule wa kila siku, nikachota maji, nikaitika nikiitwa. Sikuoga vizuri. Sikujipaka mafuta. Mtu akiniambia mvua itanyesha, nilitoka nje kuangalia mbingu mwenyewe. Senge, ambaye alihamia kwetu kutupikia, nilimjibu "ndiyo" na "hapana" tu, na chakula chake nilikila bila kumtazama.

Wewe ndiye uliyekuwa ukinitoa funza. Kila Jumamosi ulinikalisha mlangoni penye mwanga, ukaweka mguu wangu juu ya paja lako, ukachoma ncha ya pini kwenye moto. Basi hakukuwa na wa kunitoa. Waliingia kidole kimoja, kisha kingine, kisha kisigino. Nikaanza kutembea kwa ukingo wa mguu. Wasichana kisimani wakaniita bata. "Bata, bata, leo umetagia wapi?" Hata hilo halikuniudhi.

Siku moja nilikaa uani mchana nimenyoosha miguu, kuku akaja akaanza kunidonoa kidole kilichokuwa kimevimba. Nilimtazama. Alidonoa mara tatu, nne, damu ikatoka, nami nikaendelea kumtazama kana kwamba anakula mahindi ya mtu mwingine. Kisha nikaogopa sana. Nilifikiri: huyu kuku anajua jambo ambalo mimi silijui. Anadhani nimekufa.

Niliinuka, nikapasha maji moto kwenye karai, nikatia chumvi. Nilijiambia, leo vidole viwili tu. Nikaviosha, nikavifuta kwa kitambaa chako cha kichwa, kile cha bluu, nikatoa funza watatu kwa pini na kupaka mafuta ya taa. Vidole viwili, basi. Kesho yake nikajiambia, viwili vingine, nikafanya hivyo hivyo. Siku ya tatu nilichoka, nikajiambia nitaosha tu, sitachokora, na kweli nikaosha tu. Labda utacheka, Mama, lakini kwa siku hizo mimi ndiye mtu pekee aliyeniambia jambo likawa. Nilianza kuyangoja yale maji. Nilianza kuoga mwili wote. Jioni moja niligundua kwamba chumvi inawasha, nikafurahi kuwashwa.

Senge aliona. Nilikuta tu maji yamekwisha kuwekwa mekoni, na karai limesuguliwa kwa mchanga.

Lakini kisigino, Mama, mtu hawezi kukifikia vizuri mwenyewe. Nilijaribu kujikunja hadi shingo ikauma. Walikuwa wengi, wamejipanga kama punje za mahindi, na nyama ya katikati ilikuwa imeanza kunuka. Senge alikuwa akichambua mboga. Akasema bila kuinua kichwa, "Lete huo mguu."

Nikamwambia, "Ulisema Mama anaendelea vizuri."

Mkono wake ukasimama juu ya mboga. Akasema, "Nilisema." Nikaondoka nikichechemea.

Nilikaa siku nne na kile kisigino. Siku ya tano sikuweza kukanyaga. Nilimwendea mwenyewe, nikakaa mlangoni penye mwanga, nikamwuliza, "Senge, itauma?"

Akauchukua mguu, akaugeuza polepole. "Itauma. Hawa wa pembeni wataumanga kidogo. Huyu mkubwa wa katikati ataumiza sana, na ukinipiga teke la meno, wewe ndiye utakuwa unanitafunia nyama."

Nilicheka. Sauti ilitoka imekauka kama mlango wa ghala. Akaanza. Wa pembeni waliuma kidogo, kama alivyosema. Alipofika katikati, iliniuma, Mama, iliniuma hadi kwenye paja, na ndipo nilipolia. Nililia kwa ajili ya kisigino, kisha si kisigino tena. Nilikuita. Majirani walisikia, kwa maana mmoja alisimama kwenye ua akitazama. Senge hakuniambia ninyamaze. Alishika kifundo cha mguu wangu na kukikaza mpaka nilipomaliza, kisha akamtoa funza wa mwisho.

Alipokuwa akinifunga nilimwuliza kwa nini alinidanganya. Nilidhani atajitetea. Alisema, "Mama yako alituapisha. Alisema, 'Mwacheni amalize karatasi zake. Akijua ataziacha.' Nilikuja bwenini na yale maneno mdomoni kama makaa. Nikirudi nilitapika njiani."

Kwa hiyo ulikuwa wewe.

Nilimchukia Senge miezi miwili kwa maneno yako, naye akayabeba, akanipikia. Nilikukasirikia, Mama. Siku mbili sikuosha miguu, na ya tatu nikaosha, kwa sababu miguu haikukosa kitu.

Sasa nakuambia kwa heshima, kwa kuwa ulinifundisha kusema na wakubwa kwa heshima: ulikosea. Ulisema kweli kwamba ningeziacha karatasi. Ningeziacha zote. Senge ananiambia kwamba usiku ule miguu yako ilikuwa baridi na hukuacha kuomba ifunikwe, na yeye aliisugua mpaka mwisho. Mimi ningeisugua. Mimi najua mahali pa wayo wako palipopasuka. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na ukaniachia hesabu.

Matokeo hayajatoka. Naogopa yakija nitayachukia hata nikifaulu. Nimemwambia Senge hivyo, akasema, "Basi tutayachukia pamoja, lakini shule utaenda." Naona nitaenda. Natamani kuwa muuguzi, ingawa jambo hilo sijamwambia mtu, wewe ndiwe wa kwanza.

Ganzi haijaisha yote. Kuna asubuhi naamka siko. Siku kama hizo naanza na maji ya uvuguvugu, uso, mikono, mwisho miguu, nangoja. Mara nyingine narudi kabla ya mchana. Mara nyingine sirudi mpaka kesho yake. Sijilazimishi.

Nakusamehe, Mama. Si kwa siku moja, lakini nimeanza. Na ninakuahidi hili: siku nitakapokuwa na habari mbaya ya mtu ninayempenda, nitaenda mwenyewe, nitakaa karibu naye, nitamwambia, na sitaondoka.

Nawasikia wakirudi kutoka kanisani. Ngoja niende nimwambie Senge kwamba kichwa hakikuniuma. Nenda salama, Mama. Sikupata kukuambia siku yenyewe.

Mwanao,
Musimbi