Shingo ya Kaka

Jumamosi, 8 Juni

Saluni imejaa tangu asubuhi. Kaka kaja kunyolewa, na kama kawaida yake hashuki kitini mpaka nimlize shingo, niikunje hadi ialike. Kulia, ko! Kushoto, ko! Wateja hoi kwa kicheko. Kasema mikono yangu ndiyo dawa, ugonjwa ni mke wake. Mtani huyu! Miguu inaniuma kwa kusimama.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji kapiga simu. Kaka kaamka na maumivu ya shingo, upande mmoja, na kichwa kinamgonga. Nikamwambia ameulalia mto vibaya, amkande kwa maji ya moto. Kesho nitamnyoosha tena.

Jumatatu, 10 Juni

Sijui hata naandika nini. Kaka kaanguka bafuni! Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki, maneno hayatoki — kaka yangu yule, anayeongea kama redio! Kiharusi. Ana miaka arobaini na moja tu!

Daktari ni mama mmoja mpole, hana haraka. Anasema mshipa wa shingoni unaopeleka damu kwenye ubongo umeziba. Halafu akauliza: aligongwa? Kuna mtu kamkunja shingo? Maana mshipa ukichanika kwa ndani, damu inapenya kwenye ukuta wake, inavimba humohumo, inabana njia. Picha ya kwanza haijaonyesha kama ni hilo au ni mafuta yaliyoganda. Na matibabu hayafanani.

Shemeji kajibu hapana, hakuna kitu kama hicho. Nami nikatikisa kichwa. Mimi! Mikono nimeitia mifukoni. Naona aibu hata kuandika.

Jumanne, 11 Juni

Wanamwandaa. Watapitisha mrija mwembamba kuanzia juu ya paja hadi shingoni, wazibue. Daktari kaeleza: kama ukuta wa mshipa ni mzima, sawa. Kama umechanika, mrija unaweza kuingia kwenye ule mpasuko na kuuzidisha.

Nikamkimbilia daktari koridoni. Nikasema — mimi ni kinyozi, Jumamosi nilimliza shingo, mara mbili, miaka tisa namfanyia hivyo! Nilitegemea atanifokea. Wala. Kauliza upande gani na kwa nguvu kiasi gani, kisha akaondoka mbio.

Nageuka — shemeji! Kasimama nyuma yangu na shuka safi mkononi. Kasikia yote.

Saa nne na nusu. Tuko benchi moja, shemeji anaikunja na kuikunjua ile shuka. Heri angenitukana. Wamempiga picha nyingine. Mrija, au dawa ya kuzuia damu isigande? Hakuna anayetuambia. Mteja kapiga, shingo imemkaza, anauliza kama nimefungua. Nimezima simu. Nimeingiwa na hofu.

Nesi katoka. Ukuta umechanika kweli, wanabadilisha mpango: dawa, si mrija. Kaka yuko macho, anasikia, kuongea bado. Mtu mmoja aingie akae naye kidogo kabla hawajaanza.

Shemeji hakuinuka. Kasema niende mimi, nikamwambie mwenyewe.

Nimesimama. Nesi kashikilia mlango, na mimi bado naandika —