Mama Hakuwa Mlevi

Mjukuu wangu Upendo,

Huku Shangani hatujambo, na babu yako ameanza kutembea bila fimbo. Umeniuliza, kwa ajili ya utafiti wako wa protini zinazogandana ubongoni uzeeni, kama katika ukoo wetu yupo aliyetetemeka mikono.

Yupo. Ni mama yangu, aliyekuwa mwalimu kule Mpapura. Chaki ilimtetemeka mkononi hadi wazazi wakasema anakunywa uraka, pombe ya mabibo, kabla ya kipindi. Mwalimu mkuu akamwambia mbele ya darasa, "Nenda nyumbani, pombe ikuishe." Hakumuuliza lolote. Mama hakuwahi hata kuionja.

Hasira ile ninayo mpaka leo, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, nami jioni ile nilikinusa kikombe chake. Aliniona. Akanisogezea, maji yakimwagika mezani.

"Kunywa, mwanangu, uhakikishe."

Nikanywa, nikashindwa kumtazama.

Basi chunguza, mjukuu wangu, na watu wakikuambia kutetemeka ni uzee tu, wakatalie. Mama alikuwa mgonjwa, na alikufa bila mtu yeyote kumwomba radhi, hata mimi.

Bibi yako