Udi Wangu na Chombo Chako cha Anga

Na hilo ombi lako la udi, Lado mume wangu mpenzi, ndilo lililonikwama kooni. Mengine ya simu ya jana niliyapokea kwa furaha: kwamba filamu imebakiza onyesho moja, kwamba chakula cha Arua hakina mkono wangu. Kisha ukasema nimpe dereva wa basi udi wangu wa arusi, kwa sababu Poni, yule dada anayechora madirisha ya chombo chako, anasema moshi wa kuni haufanani na mawingu. Ninakuandikia kwa Kiswahili chetu cha shule, ambacho Poni hakijui.

Unakumbuka siku ya uhuru? Watu wote walitazama bendera ikipanda, wewe ukatazama juu ya bendera. "Nchi tumepata," ukaniambia, "kilichobaki ni chombo cha kwenda angani." Nadhani hapo ndipo nilipokupenda.

Tulipooana ulikijenga sebuleni, kwa jerikeni la mafuta ya kula, kalamu zilizokwisha wino na rola zangu za nywele. Rola nilizitoa mwenyewe, kwa mapenzi. Nilikishikilia kwa uzi wa kuvulia samaki, mbele ya shuka jeusi ulilolitoboa nyota, nawe ukasogeza kamera polepole ili kionekane kinaruka. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Lakini udi uliuchukua bila kuniuliza. Khalti, dada yake Mama, alipochanganya sandali, sukari na manukato kwa ajili ya arusi yangu, aliniambia, "Binti yangu, moshi hii ni ya bwana yako peke yake." Siku moja nikarudi kutoka soko la Konyo Konyo, nikasikia harufu yangu mlangoni. Nikajua unaningoja. Kumbe umepiga magoti, chombo kinaning'inia juu ya chetezo.

"Unampamba nani?" nikauliza.

"Mke mwenzako," ukajibu bila kuinua uso. "Tazama anavyopita mawinguni."

Nilitazama. Kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililoniuma.

Kisha risasi zikaanza upya mjini, na mwenye kamera akahamia Arua, ng'ambo ya mpaka, nawe ukamfuata. Mama alikataa kuacha shamba lake Rejaf, nami nikabaki naye. Ulikifunga chombo kwa blanketi letu la arusi, ukakipakata ndani ya basi. Ulinipungia kwa mkono mmoja tu, maana wa pili ulikuwa umekishika.

Sokoni bado wananiita bi harusi, nami naitika nikicheka, moyo unaruka. Halafu nakumbuka kwamba Poni anakunywa chai nawe kila asubuhi, na vidole vyake vina rangi ileile ya vidole vyako.

Kwa hiyo nimemwambia dereva aende zake. Barabara imetulia, na Khalti amekuja kukaa na Mama. Tayarisha makaa. Moshi wa kwanza ni wangu mimi; kitakachobaki kwenye chetezo kipewe chombo, na Poni ashike uzi. Kabla mwezi huu haujaisha nitashuka kituoni Arua nikiwa nimeupakata udi wangu. Ukiniona dirishani, punga kwa mikono yote miwili.

Mke wako, wa kwanza na wa pekee