Chupa ya Deo

Alhamisi, mwezi wa pili, 1978. Mchana.

Mvua inanyesha tangu alfajiri, na bati la wodi hii linapiga kelele mpaka kichwa kinauma. Nimeikasirikia mvua, nimemkasirikia daktari, nimemkasirikia hata Mungu, na sasa sina mwingine wa kumkasirikia. Paskalia wangu bado anapumua kama mtu aliyekimbizwa. Mbavu zinabonyea, pua zinapanuka, na nikisogea macho yake hayanifuati tena.

Ana miaka miwili. Ni nimonia.

Nilipomleta hapa Mpanda nilidhani tutakaa siku chache turudi. Nani asiyejua kwamba nimonia dawa yake ni penisilini, na penisilini ipo? Wakamchoma asubuhi, mchana, jioni na usiku, mpaka mapaja yakawa magumu nikawa sijui nimbebe vipi. Homa ikashuka. Nikamshukuru Mama Maria, nikaanza hata kufua nguo za kurudi nazo nyumbani. Kesho yake homa ikapanda tena, na kifua kikawa kibaya kuliko tulipokuja.

Daktari akauliza kama mtoto amewahi kupewa dawa nyumbani. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amefika kutoka Kasokola na kikapu cha viazi, alijibu kwa fahari kabisa: "Nampa mimi, baba. Kila akikohoa nafungua rangi mbili, namwagia kwenye uji. Na wenzake wanakunywa humo humo, mimi sibagui mjukuu."

Hizo rangi mbili ni kapsuli anazouza mchuuzi wa baiskeli, anayepita na viberiti na nyembe. Mimi nikiwa shuleni nafundisha, wajukuu wote wako kwa bibi, na kwa bibi bakuli la uji ni moja. Kapsuli moja, watoto watano. Kwetu anayekula peke yake huitwa mchawi, basi hata dawa tumeigawa kwa haki kama nyama ya sikukuu.

Daktari hakumgombeza. Alieleza taratibu kwamba kapsuli hizo ni ndugu wa penisilini, na kwamba dawa ya kuonja onja haiui wadudu, inawazoesha tu. Wakishazoea, hata sindano haiwatishi. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka kukaa barazani. Tangu jana hajala. Simlaumu, maana hana ubaya hata wa kusingiziwa, lakini nguvu ya kumbembeleza sina.

Kitanda cha jirani yuko Deo, mtoto wa mama mmoja mkulima wa mpunga kutoka Mpimbwe. Walifika kabla yetu, na kwa Deo pia penisilini ilishindwa. Wakambadilishia kloramfenikoli, dawa ambayo daktari anasema haitolewi ovyo kwa sababu inaweza kuharibu damu. Sasa anainywa kwa kijiko, na chupa anakaa nayo mama yake.

Basi nashinda hapa nikilinganisha, kama ninayesahihisha madaftari ya watoto wawili. Huyu anachomwa, yule ananyweshwa. Huyu anatapika hata maji, yule jana kaomba samaki. Samaki! Nilifurahi kwa ajili ya mama yake, na papo hapo nikamwonea wivu Deo mwenyewe. Sikujua kwamba mtu anaweza kumwonea wivu mtoto mgonjwa.

Daktari anataka Paskalia naye abadilishiwe, lakini kloramfenikoli iliyobaki hospitali nzima ni hiyo chupa ya Deo. Nyingine iko kwenye treni ya kutoka Tabora, na treni imekwama njiani kwa sababu maji yamekula reli. Baba Paskalia anashinda stesheni akiuliza, kana kwamba mkuu wa stesheni ameificha treni kabatini. Kwa sasa daktari ameongeza penisilini. Anasema ikiwa nyingi huenda ikafanya kazi iliyoshindikana ikiwa kidogo.

Huenda. Nalichukia neno hilo.

Asubuhi Mama Deo alinijia na chupa na kijiko. "Mwalimu," akasema, "mtoto si wa mtu mmoja. Wangu keshapata nafuu. Tugawane, na huyu anywe."

Nililia. Mwanamke sijui hata jina lake, ananipa uhai wa mwanawe katika kijiko. Na mimi, niliyelelewa kupokea kwa mikono miwili, nikamkatalia. Nikamwambia kwamba daktari amesema Deo asipoimaliza ugonjwa utamrudia kwa nguvu mpya, na kwamba nusu haitamponya wangu pia. Tutakuwa tumewagawia wote wawili kifo. Nikasema, "Asante, dada. Mmalizie Deo."

Aliniangalia kama nimemtukana.

"Nyie wasomi," akasema, "mna roho ngumu."

Akarudi na chupa yake kwa Deo. Roho yangu si ngumu hata kidogo, imelowa kama mkate kwenye chai. Nilikuwa narudia tu maneno ya daktari, nikitumaini kwamba nikiyasema kwa sauti nitayaamini. Laiti angenilazimisha. Laiti angeimimina tu kinywani mwa mtoto nami nimegeuka upande wa pili.

Sasa hivi Mama Deo ameenda jikoni, kule nyuma ya wodi, kuchemsha uji. Deo amelala. Chupa ameiacha dirishani, katikati ya vitanda vyetu viwili. Nesi yuko chumba cha kuchemshia sindano. Kijiko ninacho.

Najua kijiko kimoja hakitamponya. Hayo ndiyo niliyomweleza mwenzangu asubuhi, tena kwa sauti yangu ya darasani. Lakini asubuhi Paskalia alikuwa bado analia akichomwa. Muda mfupi uliopita wamemchoma tena, na hakulia.

Naandika ili mkono wa kulia uwe na kazi. Wa kushoto umemshika mtoto, na siuachii.

Mama Deo, rudi upesi. Njoo uchukue chupa yako.